Safari Moja, Mizinga Sita

Mtaani walimwita Msasa, na jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Seremala mwingine hulainisha mbao mpaka isimchome mtu, akaishia hapo. Yeye alilainisha chini ya droo, ndani ya miguu ya meza, na mgongoni mwa kabati ambako hakuna anayefika ila buibui. Ukimwuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umemwuliza kwa nini anafunga vifungo vya shati. Ugonjwa huo ulimpatia wateja na ukamfukuzia wengine, maana si kila mtu ana subira ya kungojea stuli mwezi mzima.

Tena, tusifichane, alikuwa na ugonjwa wa pili: haambiliki. Mwambie jambo lolote linalohusu mbao, ataitika "nimesikia," halafu atafanya lake. Marehemu baba yake, fundi wa mbao aliyekuwa pia mfuga nyuki, alilijua hilo mapema. Alipoona siku zake zimekaribia aliwaita watoto wake wawili, akampa Msasa randa na misumeno, na mizinga yote akampa binti, ambaye ndiye mkubwa. "Huyu ana mikono," alisema, "lakini nyuki wanataka masikio." Mzee hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilimkaa Msasa rohoni. Yeye na dada yake walitembeleana, walisaidiana kwenye misiba na harusi, walitaniana kama ndugu wanavyotaniana, ila hakuwahi hata siku moja kushuka bondeni kuitazama ile mizinga. Na dada naye, tangu lile kabati la harusi yake, hakuwahi kumwomba kazi hata ya kupigilia msumari mmoja.

Habari ya kabati ilikuwa hivi. Msasa alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameanza kujitegemea, akamtengenezea dada yake kabati la kwenda nalo kwa mume. Lilikuwa zuri mno. Kila aliyeliona alilipapasa. Kabla hata mtoto wa kwanza hajaota meno, mchwa walikuwa wamelila kutoka ndani, likabaki ngozi tupu ya vanishi, na siku moja dada alipolifungua, mlango ukamfuata mkononi. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila mkusanyiko, huku akiigiza alivyosimama ameshika mlango usio na kabati, na Msasa alicheka pamoja na wote. Kicheko chake kiliishia midomoni. Tangu hapo hakuna ubao uliotoka karakanani kwake bila kupakwa dawa ya mchwa, hata ubao wa kukatia mboga ilibidi mkewe aupiganie.

Basi siku gari dogo la jipu, la kijani, liliposimama mbele ya karakana, na dada yake akashuka kutoka upande wa usukani akiwa amevaa viatu vya mpira, moyo wa Msasa uliruka.

"Dada! Hili umeliiba wapi?"

"Nimelinunua kwa jasho langu, na breki zake zinashika. Uliza lingine."

Lilikuwa jipu fupi, la milango miwili, limekaa juu juu ya magurudumu yake kama mbuzi juu ya jiwe. Makanika wa karakana ya jirani alikwisha fika na kulizunguka kabla hajaalikwa, akalipiga teke tairi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dada akafungua mlango wa nyuma. Ndani palikuwa na kiti cha nyuma kilichochanika na nafasi ndogo nyuma yake, pa kutosha magunia mawili na ugomvi.

"Kiti hiki kitoke," alisema. "Nataka rafu za kubebea mizinga. Bonde limeuzwa, mdogo wangu. Wameshaanza kukata miti upande wa chini, na ile mashine yao haipumziki. Mwezi ujao hakutakuwa na ua hata moja la kunusa. Kuna mtu amenipa nafasi kule milimani, miti bado ipo, lakini njia yake ni mawe na mto. Lori halifiki. Hiki kidude kinafika."

Akatoa mfukoni kamba yenye mafundo, aliyopimia mizinga: fundo moja urefu, fundo jingine unene. Ilikuwa mizinga sita, yote ya magogo, mitatu kati yake ikiwa ile ile ya baba yao. Mingine ya mzee ilikwisha kwa moto wa msitu miaka ya nyuma.

"Nibebee mitatu, isibingirike. Nitakwenda safari mbili. Na unitengenezee vizibo vya midomo ya mizinga, fremu ndogo ya mbao yenye wavu katikati, wapate hewa wasitoke." Akamshika mkono, na hapo akaacha utani. "Na nisikilize vizuri. Usipake kitu. Si rangi, si vanishi, si mafuta, si chochote. Mbao tupu kama ilivyotoka kwenye randa. Nyuki si kuku."

"Nimesikia."

"Umesikia, au umeitika?"

"Nimesikia, dada. Nina mvi hizi bado waniambia kama mtoto?"

"Mvi zako nazijua. Nilikubeba mgongoni kabla hazijaota," akasema dada, akampiga kibao chepesi begani, akaenda kutafuta usafiri wa kurudi.

Kazi ile Msasa aliifanya kwa roho yote. Wateja wengine waliambiwa waje wiki ijayo, na wiki ijayo wakaambiwa hivyo hivyo. Yeye na makanika walifungua boliti za kiti cha nyuma, zilizokuwa zimeshikwa na kutu mpaka moja ikakatika na kumtoa makanika maneno yasiyosemeka mbele ya watu. Alipima sakafu ya bati, akapima vifuniko vya magurudumu vinavyoingia ndani, akapima mlango unavyofunguka. Akachora chini kwa chaki, akafuta, akachora tena. Siku ya tatu akasimama, akajishika kiuno, akamwita makanika.

"Sita inaingia."

"Dada yako alisema mitatu."

"Alisema mitatu kwa sababu hajui. Angalia. Mitatu chini, mitatu juu. Rafu ya juu inateleza kwenye reli, unaivuta mpaka nje ya mlango, unapakia ukiwa umesimama, unaisukuma ndani, inajifunga. Chini ya kila mzinga natia mpira wa tairi kuukuu, hata njia iwe mbaya vipi hautikisiki. Safari moja. Aende mara mbili kwenye mawe yale kwa sababu gani?"

Makanika akaangalia springi, akasema zitabeba. Na kweli zilibeba. Msasa alikata vitanda vya mizinga kwa upinde ule ule wa magogo, kila kimoja kikiwa na upana wake, akavilainisha mpaka kiganja kinateleza. Alitengeneza vizibo sita, kila kimoja fremu ya duara yenye wavu mwembamba, na alivipiga msasa ndani na nje, ingawa ndani hakuna mtu atakayegusa. Watu waliopita barabarani walisimama. Mmoja aliuliza kama hilo ni gari la kulala watalii. Sifa zile zilimnenepesha Msasa kuliko chakula.

Ikabaki dawa.

Hapa ndipo mtu hutamani kumshika shati. Kwa maana hakusahau. Angesahau, tungemhurumia tu yakaisha. Alisimama na kopo la dawa ya mchwa mkono mmoja na brashi mkono wa pili, akafikiri. Alikumbuka neno la dada. Alikumbuka pia kwamba mbao zenyewe ni laini, nyeupe, zile zile mchwa wanazozipenda. Akaiona siku dada yake akifungua mlango wa jipu, rafu ikimwangukia miguuni unga mtupu, na kwenye harusi ya mjukuu watu wakipewa hadithi mpya. Mkewe alitoka kumletea chai akamkuta hivyo.

"Umemwuliza wifi kuhusu hiyo?"

"Mambo ya mbao nimwulize nani?"

"Si alisema usipake kitu?"

"Alikuwa na maana ya rangi. Vanishi. Vitu vya harufu. Hii ikikauka hata wewe huisikii." Akachovya brashi. "Nikimpa mbao isiyo na dawa nitakuwa nimempa kabati lile lile."

Mkewe aliweka chai chini akaondoka, kwa sababu alikuwa ameishi naye muda mrefu. Msasa alipaka rafu zote, na vizibo vyote sita akavichovya vizima vizima, maana mbao ndogo ndiyo huliwa kwanza. Akavianika juani siku mbili. Alivinusa kimoja kimoja, hakusikia kitu, akaridhika.

Dada alipokuja kuchukua gari, Msasa aliivuta rafu ya juu mpaka nje, akaisukuma ndani, ikajifunga kwa mlio mdogo wa kupendeza. Akaivuta tena. Dada aliinama akaingiza mkono mpaka kwenye kona ya ndani kabisa, akapapasa kwa kiganja, kisha akasimama huku macho yamelowa.

"Sita?" aliuliza.

"Sita. Safari moja."

"Baba angeiona hii," akasema dada, "angenyamaza siku nzima."

Hayo ndiyo maneno Msasa aliyoyangojea tangu mzee afe. Aliyapokea ameinamisha kichwa, akijifanya anafuta vumbi kwenye mlango. Na dada alipomwambia, "Twende wote basi, ukaione kazi yako inavyotembea," hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Walipakia jioni, nyuki wote walipokwisha rudi nyumbani. Msasa, aliyekuwa hajawahi kushuka bondeni kwa ajili ya nyuki, alishika ncha moja ya kila mzinga na dada akashika nyingine, wakabeba taratibu kama wanaobeba mgonjwa. Dada alichomeka vizibo kwa mkono wake. Vilikaa barabara, hakuna kilichohitaji hata kugongwa. Ndani ya magogo nyuki walikuwa wakivuma kwa hasira, na mlio ule ulipanda mpaka kwenye kiti cha mbele ukawa unasikika mgongoni.

Njia ilikuwa mbaya kama ilivyoahidiwa. Lakini nyuma hakuna kilichogonga, hakuna kilichobingirika, na wale ndugu wawili waliongea kama walivyokuwa hawajaongea tangu utotoni. Dada alimweleza mzinga upi una nyuki wakali na upi una wapole. Alimweleza jinsi baba alivyokuwa akiwasalimia asubuhi kabla ya kuwasalimia watu. Msasa akathubutu kuuliza, kwa sauti ya kujifanya hajali, kama mtu wa umri wake anaweza bado kufundishwa.

"Kwani nani alikukataza?" akasema dada. "Nilikuwa nakungoja uulize."

Kabla ya kufika mtoni walisimama kukagua mzigo. Dada alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akakaa hivyo kidogo.

"Mbona kama nasikia harufu?"

Msasa alikuwa nyuma yake ameshika tochi. Angeweza kusema. Neno lenyewe lilimfika kooni. Lilikuwa neno dogo, halikuhitaji hata kushusha mzigo, lilihitaji tu mtu akubali kuonekana mjinga mbele ya dada yake usiku ule mmoja aliokuwa anaonekana wa maana. Nyuki walikuwa bado wanavuma, tena kwa nguvu.

"Mbao mpya hiyo, dada," alisema. "Itaisha."

Dada akanusa tena. Kisha akafunga mlango, kwa sababu mambo ya mbao alikuwa amemwachia fundi.

Walivuka mto kwa gia nzito, maji yakipiga milango. Walipopanda upande wa pili Msasa aligundua kwamba mgongo wake hausikii tena ule mlio kama mwanzo. Bado ulikuwepo, lakini umeshuka. Mwendo kidogo, ukashuka tena.

"Wametulia," alisema dada, akipunguza mwendo. "Nyuki hawatulii njiani."

"Hawajawahi kupanda rafu za Msasa."

Dada alicheka. Alicheka kwa raha, mkono mmoja kwenye usukani, akasema, "Sawa, fundi, sawa," na akaongeza moto. Na Msasa naye alicheka, ingawa alikuwa ameanza kutega sikio nyuma. Alijiambia ni baridi ya mlimani inayowatuliza nyuki. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hali ya hewa.

Walifika kukipambazuka. Mahali penyewe palikuwa pazuri kuliko alivyoelezwa: miti imetoa maua meupe mpaka chini pamekuwa meupe, na dada alikuwa amekwisha andaa matawi sita ya kuning'inizia mizinga, kila moja limefungwa kamba. Aliruka kutoka garini kama msichana. Alifungua mlango wa nyuma, akaivuta rafu ya juu, ikateleza nje bila kelele, akalaza sikio lake kwenye mzinga wa kwanza.

Akalaza kwenye wa pili. Kisha wa tatu, mmoja wa ile ya baba. Hapo alikawia.

Alichomoa kizibo. Nyuki walikuwa wamesongamana kwenye wavu kutafuta hewa, kama nyuki wanavyofanya wakifungiwa, miili yao imegandamana na ile fremu iliyolainishwa ndani na nje. Walimwagika juu ya rafu rundo zima, weusi, wachache wakichezesha miguu. Dada aliendelea kuwatoa kwa vidole na nyuma yao walikuwa wengine, na nyuma ya hao wengine. Akakileta kizibo puani. Kisha akageuka.

"Ulipaka nini?"

"Dawa ya mchwa," alisema Msasa. "Dawa ya mchwa, dada. Ilikuwa imekauka. Niliianika siku mbili."

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Msasa hayakungoja kuzaliwa hata mtoto. Yalikuwa yamepanda naye garini tangu mtoni, yamekaa kimya, sasa yakashuka. Alingoja kupigiwa kelele. Aliomba apigiwe kelele. Dada yake alikuwa na ulimi unaoweza kumvua mtu nguo sokoni, na kila alichowahi kumwambia kwa ulimi ule kilikuwa na mapenzi ndani yake. Lakini dada hakupiga kelele. Alikwenda mzinga kwa mzinga, wa juu na wa chini, akichomoa vizibo, na kutoka mzinga mmoja tu waliruka nyuki wachache, wakazunguka ovyo, wakaanguka kwenye majani. Alipomaliza alikaa kwenye ukingo wa sakafu ya jipu, miguu yake ikining'inia.

"Nilipokuuliza harufu," alisema, "tulikuwa hatujavuka mto."

"Ndiyo, dada."

"Walikuwa bado wanavuma."

"Ndiyo."

"Ningefungua." Alitazama mikono yake. "Pale pale. Ningetoa vizibo vyote, wangeniuma mpaka nivimbe, wengine wangepotea gizani. Lakini wengine wangebaki."

Msasa alitaka kusema kwamba alifanya hivyo kwa ajili yake, kwamba alikuwa akimwogopea mchwa. Kila alipolipanga neno lilimrudia likiwa la uongo, maana la dawa pengine alilifanya kwa ajili ya dada, lakini la mtoni alilifanya kwa ajili yake mwenyewe tu. Akaona boksi la spana chini ya kiti cha mbele. Akalivuta, akapanda nyuma, akaanza kufungua boliti za rafu moja baada ya nyingine, haraka, nyuki waliokufa wakimwagika sakafuni.

"Naitoa yote, dada. Hii naichoma moto. Nitatengeneza nyingine, haki ya Mungu nitaianza leo leo nikifika, mbao tupu, sipaki kitu, hata msasa sipigi. Utasimama pale pale uniangalie. Nitatengeneza nzuri kuliko hii."

Dada alimwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia.

"Ya kubebea nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira wala kwa kejeli. Aliuliza kama mteja anayetaka kujua, akageuza uso wake kumtazama, akangoja ajibiwe.